Masomo ya Televisheni Niliyoyalipia kwa Kunyamaza

Mwanangu Tusekile, mama yangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Mimi sina haja hiyo, maana nakuona kupitia dirisha. Umekaa mkekani kwa jirani, Mama Anyitike anakusuka nywele za safari, na kila anapovuta unakunja uso. Hali yako naijua. Iliyoharibika ni ya kwangu, ndiyo maana nimeshika kalamu na huku ninayemwandikia yuko hatua ishirini kutoka hapa nilipo.

Mambo ya safari mama yako ameyamaliza. Ameyasema ya sweta, ya sabuni, ya kutompa mtu usiyemjua akushikie mfuko. Hata salamu za huko amekufundisha, kwamba Iringa ukiambiwa "kamwene" usibaki unatabasamu tu kama bibi harusi. Sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, na nitalisema sasa hivi kabla moyo haujabadilika.

Ile shule ya misheni haikukukataa. Ulipata nafasi. Hesabu hukushindwa, ulizipata vizuri sana, na barua ya kusema hivyo niliishika kwa mikono yangu miwili. Aliyeshindwa ni mimi. Nilikosa ada, nikakudanganya, na jinsi nilivyoikosa ada yenyewe hata leo sijaielewa sawasawa. Nitakueleza kama ninavyoikumbuka, na pale nitakapojikanganya univumilie, kwa sababu si kwamba naficha. Ni kwamba kweli sijui.

Barua hii utaikuta kwenye mfuko wa sweta. Nitakuambia uifungue Igawa, basi likisimama watu washuke kunywa chai. Nimechagua Igawa kwa sababu ni mbali kidogo, huwezi kurudi kwa miguu kuja kunigombeza. Tena ndiko mambo haya yalikoanzia.

Unaikumbuka Igawa ya kambi? Ulikuwa darasa la tano. Barabara kubwa ilikuwa inajengwa na mimi nilikuwa karani wa ghala, natoa koleo na matairi, naandika nani kachukua nini. Kazi ilikuwa nzuri, lakini kila mtu alijua kwamba barabara ikiisha kambi inafungwa. Wenzangu walikuwa wakisema Mungu atajua. Mimi nikasema acha nimsaidie kujua. Nikaona tangazo kwenye gazeti lililofungiwa sukari: jifunze kutengeneza redio nyumbani kwako, masomo kwa njia ya posta, kijitabu kimoja kila mwezi kutoka Dar es Salaam. Nikajiona na kibanda changu Mbeya, bango juu ya mlango, watu wamepanga foleni na redio zao kwapani.

Nikapanda lori la kambi mpaka Mbeya, benki. Karani aliyenihudumia alikuwa kijana amevaa suruali ya bugaluu, pana ajabu, mguu mmoja ungetosha kukushonea sketi. Alikuwa na adabu, siwezi kumsingizia. Akanitolea karatasi.

"Mzee, weka sahihi hapa, na hapa, na hapa. Baada ya leo hutasumbuka tena. Benki itawalipa yenyewe kila mwezi, kadiri watakavyotuandikia."

"Itawalipa mpaka lini?"

"Mpaka utakapotuambia tuache."

Nilicheka, mama. Nilicheka kwa furaha. Ni nani atakayeshindwa kuwaambia watu waache? Nikatia sahihi yangu ile ya mkia mrefu, nikatoka nimenyooka kama diwani.

Na mwaka wa kwanza sikudhulumiwa hata senti, lazima niseme hivyo. Vijitabu vilikuja. Tulikaa mezani mimi na wewe, redio ya shangazi yako imefunuliwa tumbo. Ndani mna vile vipande vidogo vyenye mistari ya rangi, na kila rangi ina namba yake, nyekundu ni mbili, njano ni nne. Mimi nilikuwa natafuta kwenye kitabu. Wewe ulishazishika zote kichwani, unanitajia jumla kabla sijanoa penseli. Siku ile redio ilipokohoa ikaanza kusoma taarifa ya habari, shangazi yako alinishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, kaka, umefufua maiti." Mimi nilikubali sifa zote. Nusu zilikuwa zako.

Kijitabu cha kumi na mbili kilikuja pamoja na cheti chenye picha ya radi. Mimi nikajua tumemalizana. Mtu akinunua debe la mahindi, debe likijaa, anafunga mfuko anakwenda zake.

Wakati huo kambi ilikuwa imevunjwa, tumeshahamia hapa Mbeya, nami nimepata kazi bohari ya serikali, mshahara unapitia benki ileile. Ikaja barua. Ilikuwa barua nzuri, karatasi nzito. Walisema wanafurahi kunitangazia mfululizo wa pili, utengenezaji wa televisheni, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwamba mwanafunzi asiyeandika kusitisha atahesabiwa ameendelea.

Televisheni! Mimi televisheni sikuwa nimeiona hata mgongo wake. Nilisikia Zanzibar wanayo. Huku bara ningeitengeneza ya nani? Nikasema hapana, hii siitaki. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipopotea: nilikataa. Nilikataa kwa njia niliyofundishwa.

Babu yako kule Tukuyu alikuwa na kipande cha shamba karibu na kijito. Akaja mtu kukiomba. Babu akamkaribisha, akampa ndizi mbivu, wakazungumza habari za mvua mpaka jua likashuka, na habari ya shamba hakuigusa. Yule mtu akaaga. Akaja mara ya pili, akapewa ndizi, akapewa mvua. Mara ya tatu hakuja. Mpaka babu anakufa walikuwa marafiki, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake hapana. Hivyo ndivyo mtu mwenye adabu anavyokataa. Ukimwandikia mtu "sitaki" kwenye karatasi umemtemea mate.

Kwa hiyo nikanyamaza. Barua ya pili ikaja, nikanyamaza kwa nguvu zaidi. Vifurushi vikaanza kufika posta, sikuvichukua. Yule karani wa posta akaniita siku moja mbele ya watu, "Baba Tusekile, vitu vyako vinanijazia rafu hapa!" Nikamjibu, "Viache. Mimi na hao watu hatuelewani." Nilidhani vikirudi Dar es Salaam vyenyewe vitasema. Kumbe kila nilipokaa kimya, huko walikuwa wanaandika: huyu anaendelea vizuri.

Utaniuliza, na benki je? Hukuona pesa zinapungua? Sikuona. Anwani mpya niliwapa watu wa vijitabu tu; karatasi za hesabu za benki zilikuwa zinakwenda sanduku la posta la kambi, na kambi ilikwisha, sijui zilisomwa na nani, labda na panya. Mimi nilikuwa natoa ya kula na ya kodi, nyingine naziacha, najiambia hizo ni za shule ya Tusekile. Nilikuwa nalala usingizi mzuri kabisa juu ya pesa ambazo hazipo.

Halafu ukamaliza la saba. Serikalini hukuchaguliwa, na darasa zima walichaguliwa wawili. Ukaenda kufanya mtihani wa misheni. Barua ilipofika niliifungulia palepale nje ya posta. Walikutaka. Walitaja hata hesabu, kwamba umefanya vizuri kuliko wengi. Ada iwe imefika kabla ya Jumamosi. Nilikimbia, mama, mtu mzima na kofia yangu, mpaka benki.

Yule kijana wa bugaluu hakuwepo. Alikuwepo mwingine, mwenye miwani. Akafungua daftari lake kubwa, akatazama, akatazama tena.

"Mzee, humu hamna cha kufikia hapo."

"Haiwezekani. Zimekwenda wapi?"

"Masomo ya televisheni. Tumelipa kila mwezi."

"Nani aliwaambia mlipe?"

"Wewe."

"Mimi?"

Akaleta karatasi. "Hii sahihi si yako?"

Niliitazama. Mkia ule mrefu. "Ni yangu."

"Sasa?"

Nilimwambia mimi nilikataa. Akaniuliza nilikataa kwa barua ya tarehe gani. Nikamwambia nilinyamaza. Alinitazama kwa huruma kama mtu anayemtazama mgonjwa. Akasema tuliza moyo, waandikie kampuni, watuandikie sisi, tutasimamisha. Na zilizokwenda? Zilizokwenda zimekwenda.

Nimeliwaza jambo hili miaka mitatu. Nikitaka kuwaita wezi, nakumbuka waliniambia, waliandika kabisa. Nikitaka kujiita mjinga, nakumbuka nilikataa kama baba yangu alivyokataa na yeye hakupotelewa na shamba. Benki ilitii. Kampuni ilisema. Mimi nilikuwa na adabu. Kila mmoja alifanya lake sawasawa, na mtoto akakosa shule. Nielezee wewe, ukipata muda.

Lakini hilo la pesa ndilo dogo. Ningeweza kwenda siku ileile kwa baba yako mdogo, ana maduka mawili, nikamwambia ndugu yangu nimepotea, nisaidie. Nilifika mpaka kwenye kona ya duka lake la kwanza. Nikamwona anacheka na wateja. Nikaona jinsi atakavyocheka akisikia neno televisheni. Nikageuka. Hapo, mama, hakukuwa na kampuni wala herufi ndogo. Hapo nilikuwa peke yangu na aibu yangu, na nikaichagua.

Nilipofika nyumbani ulikuwa mlangoni unamenya viazi. Ukauliza, "Baba, wamesemaje?" Nikasema nafasi zimejaa. Hiyo ingetosha. Ungelia, ungenyamaza. Ila wewe ukauliza tena, polepole, "Nimekosa wapi?" Na mimi nikajibu, "Hesabu."

Sijui kwa nini nilichagua hilo. Labda kwa sababu siku ile kichwani mwangu hamkuwa na kitu kingine. Ningesema Kiingereza. Ningesema wamesahau jina lako. Nilisema hesabu, wewe ukainamisha kichwa ukaendelea na viazi, na nikaona umeamini mara moja, kama mtoto anavyoamini baba yake.

Ukaenda Ubaruku kwa shangazi yako, ukapanda mpunga misimu mitatu, miguu ndani ya maji. Mimi nikabaki kupigana na televisheni. Niliiandikia kampuni barua ya kurasa mbili. Nilianza kwa kuwajulia hali wao na familia zao. Nikawashukuru kwa masomo ya redio, nikawaeleza jinsi tulivyomfufulia shangazi yako redio yake, nikawaombea heri. Mwishoni nikagusia kwamba hali ya nyumbani si kama zamani. Nilidhani mtu yeyote mwenye akili ataelewa. Walinijibu upesi sana. Walisema ni nadra kupata mwanafunzi mwenye shukrani kama mimi, na kwa furaha wamenitanguliza kwenye mfululizo wa tatu, majokofu. Mwe bandu, jamani!

Aliyeniokoa ni mama mmoja bohari, mpiga chapa wetu, Mama Kabula. Wao ni Wasukuma, walihama na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakaja Usangu. Aliisoma nakala ya barua yangu, akacheka mpaka akavua miwani.

"Baba Tusekile, hapa umekataa wapi? Mbona mimi naona umeomba uchumba?"

"Nimekataa kwa heshima."

"Sisi kwetu mtu akitaka ng'ombe wako, na wewe hutaki, unamwambia sitaki. Halafu mnakula ugali. Heshima iko kwenye ugali."

Akaweka karatasi kwenye mashine, akapiga mstari mmoja: Sitaki masomo, simamisheni leo. Nakala benki. Nilimsihi aweke hata salamu, akakataa. Nilitia sahihi jasho linanitoka, nikaona kama nimetukana ukoo wa watu. Baada ya mwezi mmoja ikasimama. Hakuna aliyekasirika. Hawakuniandikia tena, hata kuniuliza nimewakosea nini. Na hilo pia lilinishangaza.

Basi nikajifunza, nikasema sasa najua kusema sitaki. Kumbe nilijifunza kwa watu wa Dar es Salaam tu. Ulirudi kutoka Ubaruku, nikakutuma chumvi, nikakufuata nyuma kwa shughuli zangu. Nikakuta umesimama dukani, umenyoosha kiganja chenye senti zote, unamwambia mwenye duka achague mwenyewe. Akakuuliza, wewe hujui kuhesabu? Ukamjibu, tena bila uchungu wowote, "Mimi hesabu siwezi. Baba anajua."

Nilikuwa nyuma yako, Tusekile. Nilisimama nyuma yako na sikusema neno. Nilijiambia nitamwambia Jumapili. Jumapili ikapita, nikasema Krismasi. Uongo ule niliusema siku moja tu, lakini uliendelea kulipwa kila mwezi na aliyelipa ni wewe, kwa sababu mimi sikuandika kusitisha. Kwa ajili ya ada nilikimbia na kofia mpaka benki. Kwa hili sikukimbia.

Na wewe ulipoitwa kwenye mafunzo haya ya uuguzi huko Iringa, siku mbili hukula. Ulimwambia mama yako unaogopa vipimo vya dawa, kwamba utamwua mtu, kwamba afadhali ukatae nafasi urudi mpungani. Mimi nilikuwa kitini, nakunywa chai, nasikia kila neno. Mama yako alinitazama. Anajua yote, nilimwambia mwaka jana. Ulipotoka nje akaniambia, "Akifika Iringa bila kujua, nitamfuata huko mimi mwenyewe nimwambie, na mimi sitachagua maneno." Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimejificha mpaka kwenye kituo cha mwisho cha basi, na ninaandika kwa sababu kukutazama usoni bado nashindwa. Uoga huo siutetei.

Nikuombe nini sasa? Huko watakupa karatasi nyingi siku ya kwanza. Tia sahihi, usiwe mtu wa ajabu, lakini tafuta mahali walipoandika jinsi ya kuacha. Kama hapapo, uliza. Wakicheka, waache wacheke. Na wakikuuliza jambo usilolitaka, usiwape ndizi na mvua. Mimi mila ya babu yako bado naipenda, ila naona inafaa kwa watu wanaokuja mpaka mlangoni na kukaa. Kwa wanaoandika kutoka mbali sijui. Labda nimekosea hata hapo.

Vipimo vya dawa vitakuja. Mwalimu ataandika namba ubaoni na utasikia sauti inasema wewe huwezi. Sauti hiyo ni yangu. Si ya misheni, si ya mtihani. Ni mimi, mlangoni, siku nilipoona aibu. Usinitii.

Namwona Mama Anyitike amemaliza kukusuka, unajishika kichwa, unacheka. Utaingia sasa hivi, kwa hiyo niharakishe.

Nakujua, mama. Wewe una moyo wa bibi yako. Jumapili ya kwanza utakaa kitandani kwako huko Iringa, utaniandikia, "Baba, haidhuru, yamepita." Nakuomba usiniandikie hivyo. Imedhuru. Imekudhuru wewe, miaka mitatu, na mimi ndiye niliyefanya. Niandikie umekasirika, kurasa zozote utakazo, bila salamu. Nitampa mama yako azisome kwa sauti, nami nitakaa nisikilize mpaka mwisho.

Baba yako